Ovakloki ya kwanza: panga volteji, kisha tafuta kasi

SWALI

Shikamoo fundi. Nimejiundia kompyuta ya gemu yenye prosesa ya Intel Core i5-12600K, ubao mama wa Z690, RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 na kipoza hewa kikubwa chenye feni mbili. Nimeona watu wenye prosesa kama yangu wakiipeleka hadi 5.2 GHz. Wiki iliyopita niliingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya ubao mama, nikawasha lile chaguo linaloongeza kasi lenyewe. Kompyuta iliwaka vizuri, ila nilipofungua gemu joto likapanda hadi digrii 97 na feni zikavuma kama zinataka kupaa. Nikaogopa, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. Je, nimeshaiumiza prosesa? Mtu ambaye hajawahi kufanya ovakloki, yaani kuisukuma prosesa kupita kasi ya kiwandani, anaanzia wapi bila kuunguza kitu? Na nikifika hiyo 5.2, nitaona tofauti kwenye gemu?

JIBU

Marahaba. Nianze na hofu yako: hujaiumiza. Kikomo cha joto cha 12600K ni digrii 100. Ikifika hapo inajipunguzia mwendo yenyewe, na joto likiendelea kupanda inazima kompyuta. Dakika chache kwenye 97 haziui prosesa.

Lile chaguo la otomatiki ndilo lililokuponza, na nisingependa ulirudie. Prosesa zinazotoka kiwandani zikiwa na jina moja hazilingani. Moja itakubali 5.0 GHz kwa volti 1.22, ya pili itadai 1.32 kwa kasi ileile, na huwezi kujua umepata ipi mpaka uijaribu. Ubao mama nao haujui. Ili usilaumiwe kwamba kompyuta imegoma kuwaka, unamwaga volteji ya kutosha hata kwa ile prosesa mbovu kuliko zote. Kama yako ni nzuri, ziada yote inageuka joto la bure.

Hapo ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi yanayozunguka. Wanaoanza huchagua kasi kwanza, mathalani 5.2, kisha wanaongeza volteji mpaka prosesa ikubali. Mimi nakushauri ugeuze mambo. Amua kwanza volteji ya juu kabisa utakayoruhusu na joto la juu kabisa utakalovumilia. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi, kisha uone prosesa yako inakwenda kasi gani ndani ya mipaka hiyo. Kasi utakayopata ndiyo yako, iwe 4.9 au 5.1, na ya jirani muachie jirani.

Sababu iko kwenye hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. 12600K kori zake kubwa sita (kori ni vitengo vya kazi ndani ya prosesa) zikifanya kazi pamoja huenda 4.5 GHz. Tuseme zinatumia volti 1.20. Ukizipeleka 4.9 kwa volti 1.25, umeongeza kasi kwa asilimia 9 hivi na umeme kwa asilimia 18 hivi. Ukizilazimisha hadi 5.2 kwa volti 1.40, kasi imepanda asilimia 16, lakini umeme umepanda asilimia 57. Na hapo sijaingiza umeme unaovuja ndani ya silikoni, ambao nao huongezeka kadiri joto na volteji vinavyopanda. Joto lako la 97 limetoka huko.

Zaidi ya hapo, kinga nilizotaja juu zinalinda dhidi ya joto. Volteji uliyoiandika kwa mkono wako mwenyewe, ubao utaitii. Mbao nyingi hubadilisha rangi ya namba kuwa ya njano au nyekundu ukizidisha, kisha zinaitekeleza vilevile. Kosa ninaloliogopa kuliko yote kwa mgeni wa kazi hii ni la vidole: kukusudia 1.25 na kuandika 1.52. Isome namba kwa sauti kabla ya kubonyeza F10 ya kuhifadhi. Utajiona mjinga ukiongea peke yako, lakini mimi hufanya hivyo hadi leo.

Usidhani nakutisha. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AMD Ryzen 7000 zenye X3D ziliungua kwenye soketi, na AMD ikatoa sasisho la BIOS lililofunga volteji ya SoC, sehemu ya prosesa iliyo nje ya kori, isizidi 1.3. Mwaka 2024 Intel nayo ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 za mezani zilikuwa zikipewa volteji kubwa kupita kiasi na kuchakaa kabla ya wakati. Ikasambaza marekebisho ya maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa), likiwemo la 0x12B, na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Yako ni ya kizazi cha 12, haimo katika mkumbo huo. Ila kama kuna anayesoma hapa akiwa na 13600K au 14700K, asiguse chochote kabla ya kusasisha BIOS. Tazama kwamba katika visa vyote viwili tatizo halikuwa gigahetzi.

Sasa, kabla ya kugusa prosesa, jiulize kama ndiyo inayokuchelewesha. Fungua gemu unalolicheza sana na utazame matumizi ya kadi ya michoro. Ikiwa inakaa asilimia 97 au 99 muda wote, basi kadi ndiyo imefika mwisho wa pumzi, na prosesa inaisubiri. Uhakikishe kwa jaribio jingine: shusha ubora wa picha hadi chini kabisa, na rizolusheni pia. Fremu zikiruka juu sana, kazi ilikuwa kwa kadi. Zikibaki palepale, kazi iko kwa prosesa, na hapo ovakloki ina maana. Wanaocheza kwa 4K, mara nyingi naona jasho lao linapotea bure.

Kagua na RAM. Imeandikwa 3600, lakini je, inakwenda 3600? Usipowasha XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa, kwenye BIOS, DDR4 nyingi hukaa 2133 au karibu na hapo, na nimekutana na watu waliokaa na hali hiyo miaka bila kujua. Ukitazama kwa programu ya CPU-Z utaona namba ya nusu, yaani 1800 kwa RAM ya 3600, kwa sababu DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo. Usishtuke. Kama ulikuta XMP imezimwa, iwashe leo, ujaribu RAM kwa MemTest86 usiku mzima, na prosesa uiache kwanza. Ukiwasha vyote siku moja na kompyuta ikaanza kuganda, hutajua umlaumu nani. Katika gemu nyingi zinazotegemea prosesa, hatua hiyo peke yake yaweza kukupa zaidi ya hiyo 5.2 unayoitamani.

Bado unataka? Haya, tuingie kazini.

Anza kwa kupima kompyuta ilivyo. Pakua HWiNFO kwa ajili ya kusoma vipimo, na Cinebench kwa ajili ya kuipa prosesa kazi. Endesha Cinebench dakika 10, kisha andika alama ulizopata, joto la juu, wati na Vcore. Jihadhari na jambo moja: HWiNFO ina kitu kinachoitwa VID na kingine Vcore. VID ni volteji ambayo prosesa inaiomba, Vcore ni ile inayoipata. Unayoitaka ni Vcore, tena isomwe wakati prosesa iko kazini. Nimeona mabishano marefu sana kati ya watu wawili ambao kila mmoja alikuwa anasoma namba yake. Kama hata kwa mipangilio ya kiwanda joto linapita 85, simama hapo. Toa kipoza, paka pasti upya, angalia kama feni zote zinavuta upande mmoja. Ovakloki juu ya kipoza kilichofungwa vibaya ni kazi bure.

Kisha ingia BIOS, kwa kawaida ni Del au F2 unapowasha. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kubadilisha kitu. Kwanza weka nyavu za kuokolea: shusha kikomo cha joto cha prosesa kutoka 100 hadi 90, na kikomo cha umeme wa muda mrefu na wa muda mfupi uviweke wati 180. Kiwandani kikomo cha juu cha 12600K ni wati 150, lakini mbao nyingi za Z690 huondoa mipaka hiyo kimyakimya, ndiyo maana usishangae kipimo chako cha kwanza kikionyesha tofauti. Nyavu hizi zikiwepo, ukikosea joto au umeme prosesa itapungua mwendo tu.

Sasa volteji. Weka Vcore ya kudumu 1.25. Kwa ovakloki ya kwanza kwa kipoza cha hewa, karatasi yako iandikwe 1.30 kama dari la volteji, na digrii 85 kwenye Cinebench kama dari la joto. Mimi mwenyewe nina dari la 1.35 kwa prosesa za aina hii, ila sijui mtu aliyejuta kwa kuanzia chini. Volteji ya kudumu ndiyo rahisi kuielewa unapotafuta mipaka. Ukishapata unachotaka unaweza kuhamia ile inayopanda na kushuka kulingana na kazi.

Utakutana pia na LLC. Prosesa ikipata kazi ghafla, volteji hushuka kidogo, na LLC ndiyo inayoamua ishuke kiasi gani. Ngazi ya katikati inatosha. Ngazi kali kabisa huifanya volteji ionekane imetulia kama maji mtungini, lakini kazi inapokatika ghafla inaruka juu ya ile uliyoiandika kwa muda mfupi ambao programu yako haiwezi kuuona. Halafu watengenezaji hawakukubaliana kuhusu namba: kwa wengine 1 ndiyo kali zaidi, kwa wengine kali ni 8. Soma kijitabu cha ubao wako, angalau ukurasa huo mmoja.

Kasi yenyewe ni kuzidisha tu. Kuna mapigo ya msingi ya 100 MHz na kuna kizidishi. 49 mara 100 ni 4.9 GHz. Mapigo ya msingi yaache, gusa kizidishi cha kori kubwa peke yake. Kori ndogo nne na kasi ya kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) uviache vilivyo, kwa gemu havitakupa cha maana na vitaongeza idadi ya watuhumiwa mambo yakiharibika.

Weka kori kubwa zote 47, hifadhi, washa, Cinebench dakika 10. Ikipita, 48. Ikipita, 49. Hapa kuna mtego: kiwandani 12600K huruka hadi 4.9 kazi ikiwa nyepesi, ya kori moja au mbili. Ukiishia 47 kwa kori zote, umepata kwenye kazi nzito na umepoteza kwenye nyepesi, na yapo magemu yanayotegemea kori moja kuliko yanavyokiri. Kwa hiyo lengo la kwanza lenye maana ni 49. Ukishindwa kufika, tumia ule mpangilio wa kizidishi kwa idadi ya kori: 49 kori mbili zikiwa kazini, 48 kori zote zikiwa kazini.

Ikigoma, kwa skrini ya bluu, kuganda, au Cinebench kujifunga, una njia mbili. Kama hujafika dari la volteji, ongeza 0.01 na ujaribu tena. Kama umelifikia, au joto limegusa 85, rudi ngazi moja chini. Njia ya tatu haipo. Nayo kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, usitoe machozi. Ubao mwingi ukishindwa kuwaka mara kadhaa hurudi wenyewe kwenye mipangilio salama. Usiporudi, zima, chomoa waya wa umeme, kisha futa CMOS, kumbukumbu inayohifadhi mipangilio ya BIOS, kwa pini mbili zilizoonyeshwa kwenye kijitabu, au toa ile betri ya sarafu kwa dakika chache.

Na alama za Cinebench uzitazame kila ngazi, maana zinasema ukweli kuliko gigahetzi. Umepanda kutoka 48 hadi 49 na alama zimeshuka? Prosesa imegonga kikomo cha joto au cha umeme na inajirudisha nyuma.

Sehemu inayofuata ndiyo wengi huiruka. Kupita Cinebench dakika 10 maana yake ni kwamba prosesa haijaanguka ndani ya dakika 10. Miaka ya nyuma nilikuwa na mashine yangu iliyokaa wiki mbili na ovakloki bila kuganda hata mara moja, nikajisifu kweli. Kisha nikafungua mafaili niliyoyabana kuwa zip katika wiki hizo, na matatu yakakataa kufunguka. Prosesa ilikuwa inakosea hesabu mara chache sana, bila kelele yoyote, na makosa yakaenda kukaa kwenye diski. Prosesa ningeweza kununua nyingine. Zile picha hazikurudi.

Kwa hiyo, nakili mafaili yako muhimu nje ya kompyuta kabla ya kuanza. Ukishapata kasi unayoitaka, endesha programu ya majaribio ya OCCT saa moja au mbili huku ukitazama kama imeripoti kosa lolote, hata moja. Kosa moja ni kufeli. Kisha fungua kitazama matukio cha Windows (Event Viewer) utafute WHEA-Logger. Humo prosesa huandika makosa iliyoyasahihisha yenyewe, yale ambayo wewe ukiwa mchezoni huwezi kuyahisi. Ukiyaona, shuka ngazi moja hata kama kila kitu kinaonekana shwari. Programu ya Prime95, kwa jaribio lake la mafungu madogo (Small FFTs), uiache kwa sasa. Hutoa joto ambalo hakuna gemu litakalolifikia, na itakufanya uongeze kasi ya feni bila sababu. Baada ya hapo cheza kawaida wiki nzima, magemu tofauti, na uache kompyuta ikiwa imetulia bila kazi pia.

Kwa wenye Ryzen, niseme kwa ufupi. Kupandisha kori zote kwa mkono mara nyingi huwapotezea, kwa sababu prosesa zao hujirusha juu sana kazi ikiwa nyepesi. Afadhali PBO, njia ya AMD ya kuiacha prosesa ijipandishe zaidi yenyewe, pamoja na Curve Optimizer inayorekebisha volteji, ukiishusha kwa hasi 10 kwa kuanzia. Ukizidisha hasi, kompyuta hupita majaribio mazito yote na kuanguka ukiwa unasoma barua pepe, kwa sababu udhaifu hujitokeza kwenye kazi nyepesi. Mbao za A320 na A520 haziruhusu ovakloki ya prosesa, na 5800X3D imefungwa. Kwa upande wa Intel unahitaji herufi K mwishoni mwa jina na ubao wa Z, kama ulivyo navyo.

Waranti: Intel na AMD wote wanasema kwamba kuendesha prosesa nje ya viwango vyake kunaweza kuibatilisha. Waranti yako ikiwa bado changa na hauna fedha za kununua nyingine, hilo lipime mwenyewe, mimi siwezi kukuamulia.

Nimebakiza 5.2 yako. Mwaka 1998 Celeron 300A ya 300 MHz iliweza kwenda 450 kwa kubadilisha tu mapigo ya msingi kutoka 66 hadi 100, na tuliojifunza ufundi kwa hadithi zile bado tunatarajia miujiza. Siku hizi kiwanda kimeshakamua karibu yote. Kutoka 4.9 hadi 5.2 ni asilimia 6. Gemu likikupa fremu 120, na prosesa ndiyo pekee inayolichelewesha, utapata 127 hivi, kwa bei ya yale makelele uliyoyasikia wiki iliyopita. Ningekuwa wewe ningewasha XMP, nikatafuta 4.9 kwa volteji ndogo kuliko zote inayokubali, huenda ikawa chini hata ya 1.25, na feni nikaziacha zizunguke taratibu. Ukifika hapo niandikie Vcore yako prosesa ikiwa kazini, joto na alama za Cinebench kabla na baada, tuone kama una kipande kinachostahili kusukumwa zaidi.